Golfu, mpira na mwisho wa mwaka: nani alihesabiwa kiwanjani?

Mtu wa Kapolowe akipanda gari kwenda Lubumbashi na kusema anaenda Golf, hakuna atakayemuuliza kama anajua kucheza. Golf ni jina la kartie: nyumba kubwa, kuta ndefu, mageti ya chuma. Wengi wanaopita barabara zake wanaenda kufanya kazi kwa wengine. Lakini jina hilo lilitoka kwenye mchezo, na historia ya mchezo huo inagusa pia Likasi, Kambove na Kapolowe. Katika majuma haya ya mwisho wa mwaka, wakati vilabu vinafunga hesabu na kugawa vikombe, inafaa kuikumbuka.

Golfu ni mchezo wa Waskoti. Tangu mwaka 1457 mfalme wao aliwahi kuukataza, kwa sababu vijana waliupenda kuliko mazoezi ya upinde. Kwetu Katanga uliingia pamoja na shaba. Mwaka 1906 mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitaka kuwavuta wafanyabiashara Waingereza, na hakutaka wakose mchezo wao. Ndipo klabu ya golfu ikaanzishwa Ravenstein, Tervuren, karibu na Brussels. Mwaka huo huo, tarehe 28 mwezi wa 10, ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Ndani yake kulikuwa na pesa za Waingereza kupitia Tanganyika Concessions, kompanyi ya Robert Williams, naye alikuwa Mskoti. Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, upande wa Rhodesia, na ilileta watu na desturi za huko: pesa zao, lugha yao, michezo yao.

Asiyeijua golfu anaweza kufikiri ni kupiga kampira kadogo na kutembea tu. Ukweli ni kwamba ni mchezo wa kuhesabu. Kiwanja kamili kina mashimo 18, na anayefikisha mpira kwenye mashimo yote kwa mapigo machache ndiye anayeshinda. Lakini klabu ina wazee na vijana, mabingwa na wanaojifunza. Wakicheza bila msaada, kikombe kitaenda kwa mtu mmoja kila mwaka. Kwa hiyo kuna kanuni inayoitwa handikapu. Kila mchezaji anapewa namba kulingana na nguvu yake, na namba hiyo inatolewa kwenye mapigo yake. Bingwa mwenye handikapu 6 akipiga mara 82, anaandikiwa 76. Mzee mwenye handikapu 20 akipiga mara 95, anaandikiwa 75. Mzee ndiye mshindi, na hakuna anayelalamika, kwa sababu kila mmoja ameshindana na uwezo wake mwenyewe.

Hapo ndipo utamu wa mashindano ya mwisho wa mwaka ulipo. Siku hiyo karatasi za hesabu zinasomwa mbele ya wote, vikombe vinatolewa, watu wanakula pamoja, na hata mchezaji dhaifu anaweza kurudi nyumbani na zawadi. Kanuni ya handikapu inasema wazi kwamba watu si sawa kwa nguvu, lakini wanaweza kukaa kwenye hesabu moja.

Shida ni kwamba kanuni hiyo iliishia kwenye geti. Wakati wa ukoloni, mji wa wazungu na sité ya watu weusi vilitenganishwa na eneo lililoachwa wazi makusudi. Elisabethville ilijengwa hivyo. Kule Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kiwanja cha golfu chenyewe kilikuwa sehemu ya eneo hilo la kutenganisha, pamoja na bustani ya wanyama na bustani ya mimea. Majani mazuri yalifanya kazi ya ukuta. Mtu mweusi aliweza kuingia humo kukata majani au kubeba mfuko wa fimbo za bwana. Kuandikwa kwenye karatasi ya mashindano lilikuwa jambo lingine.

Afrika Kusini kuna habari inayoonyesha jambo hili vizuri. Sewsunker Sewgolum, aliyeitwa Papwa, alikuwa mtoto wa familia ya Kihindi huko Durban. Alianza kwa kubeba mifuko ya wachezaji, akajifunza golfu kwa macho, na mikono yake aliishika fimbo kinyume na walivyofundisha walimu. Mwaka 1959 alishinda mashindano makubwa ya Uholanzi, akayashinda tena 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya Natal, nyumbani kwake. Siku ya kupewa kikombe mvua ilinyesha. Wachezaji wazungu walikuwa ndani ya jengo la klabu. Yeye, kwa sababu ya sheria za ubaguzi, alipokea zawadi nje kwenye mvua. Hesabu yake ilikuwa bora kuliko ya wote, lakini mlango ulibaki umefungwa.

Huku kwetu, wafanyakazi wa Union Minière walipewa njia nyingine. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kompanyi iliamua kuwaweka wafanyakazi na wake zao na watoto ndani ya kambi: nyumba, posho, hospitali, shule. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha lilifunga mto Lufira ili viwanda vya shaba vipate umeme, na ziwa Tshangalele ambalo wavuvi wa Kapolowe wanalitegemea hadi leo likatokea. Mpira wa miguu ulikuwa sehemu ya mpango huo. Mwaka 1939, kule Elisabethville, mapadri Wabenedikto walianzisha timu ya wanafunzi ambayo leo ni TP Mazembe. Mwaka huo huo ilizaliwa Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli. Jumapili kiwanja kilijaa, na mfanyakazi ambaye juma lote alikuwa namba kwenye daftari la kompanyi alisikia jina lake likiitwa kwa furaha.

Lakini kiwanja kilichopewa na bwana kilibaki cha bwana. Mwezi wa 12 wa mwaka 1941, bei za vitu zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma Jadotville, yaani Likasi, na Elisabethville. Waliomba mshahara zaidi. Kule Elisabethville walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 9 askari wa serikali waliwapiga risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake, alikufa hapo. Serikali ilihesabu wafu 48 kule Elisabethville. Wengi waliamini walikuwa zaidi. Ilikuwa majuma mawili tu kabla ya Noeli.

Uhuru ulifungua mageti, lakini si kwa wote kwa mara moja. Mwaka 1961, wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, makumi ya maelfu ya Waluba walikimbia nyumba zao na kulala kwenye kambi ya wakimbizi pale pale Elisabethville, mji wenye viwanja vya kila aina. Mwanzoni mwa 1967 serikali ilichukua mali za Union Minière, na baadaye kompanyi ikaitwa Gécamines. Viwanja, mabwawa ya kuogelea na serkle vikabaki mikononi mwa kompanyi. Rangi ya ngozi haikuwa tena ufunguo, lakini cheo kilikuwa: kadre walikuwa na mahali pao, wafanyakazi wa chini na mahali pao. Hata hivyo watu walijivunia. Mazembe, iliyoitwa Englebert wakati huo, ilishinda kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968, na kambi zote za shaba zilisherehekea.

Kisha shaba ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 kwa mwaka. Mwezi wa 9 wa 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Klabu iliyomtegemea baba mmoja hufa na baba huyo. Majani yanahitaji maji, mashine na mtu wa kuyakata. Kompanyi ikishindwa kulipa mishahara, nani atalipa majani?

Kabla ya hapo Likasi ilikuwa imepata jeraha kubwa zaidi. Mwaka 1992 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa kwenye nyumba zao. Watu waliozaliwa Likasi, waliosoma Likasi, waliocheza mpira Likasi, walilala kwenye stesheni wakingoja treni kwa majuma na miezi. Wengi walikufa kwa magonjwa na njaa, pale stesheni au njiani. Vijana waliovaa jezi moja kwenye mashindano ya mwisho wa mwaka walijikuta wengine wakiondoka na wengine wakibaki wakitazama. Jezi haikuwalinda. Hilo linapaswa kusemwa, kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba michezo inaunganisha watu. Michezo inaunganisha wale ambao mji umekubali kuwahesabu.

Mwezi wa 12 wa 2010 dunia ilitazama tena. Mazembe ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la vilabu la dunia, kule Abu Dhabi. Tarehe 18 ilifungwa 3-0 na Inter ya Milan, lakini kule Katanga watu hawakuhesabu mabao hayo matatu. Walihesabu kwamba timu iliyoanza kwa wanafunzi wa mapadri ilikuwa imefika mlango ambao hakuna Mwafrika aliyekuwa ameufikia.

Leo, mwisho wa mwaka ukikaribia, vijana wa kila kartie wanatafuta mpira, kombe na mtu wa kupuliza filimbi. Kati yao kuna watoto waliofika na wazazi wao kutoka vijiji vilivyochomwa, wenye lafudhi nyingine, wasio na viatu. Hawana uzoefu wa timu za hapa na hawana baba wa kuwasemea. Kanuni ya handikapu inafaa mpira pia: anayeanza nyuma aandikwe na kusaidiwa, halafu hesabu isomwe mbele ya wote. Kiwanja kizuri si lazima kiwe na majani. Kiwanja cha vumbi kinatosha, mradi yule aliyefika mwezi jana awe na jina kwenye karatasi ya timu na aketi pamoja na wenzake siku ya kugawa kombe.