Mtumbwi wa Ukerewe: Kutoka Mshono hadi Faiba

Mitumbwi ya mbao ya Ziwa Viktoria ilishonwa kwa uzi kabla misumari haijaanza kutumika. Fundi alichonga mkuku kutoka gogo moja, akapandisha mbao ubavuni, akatoboa matundu kwenye kingo zake na kuzifunga kwa nyuzi za mimea. Mshono ndio uliokuwa nguvu ya chombo, na ndio uliokuwa udhaifu wake. Mbao ngumu ilidumu miaka. Uzi uliolowa na kukauka kila siku ulioza mapema, maji yakapenya palepale vitu viwili vilipokutana. Kufua maji kulikuwa sehemu ya safari.

Mwaka 1875 mvumbuzi Henry Morton Stanley alifika Kageye, ufukweni mwa ziwa hilo, ng'ambo ya kisiwa cha Ukerewe, na mashua yake Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa vipande vya kufungua na kufunga ili ibebwe mabegani kutoka pwani. Haikutosha watu wake wote, akaomba mitumbwi ya wenyeji kwa Lukonge, mtawala wa Ukerewe. Safarini kuelekea Uganda, mitumbwi kadhaa ilizama usiku, watu wakaokolewa majini. Miaka hiyohiyo Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani, alikuwa akiunda jahazi kisiwani. 

Baadaye msumari ulishinda uzi, lakini haukuumaliza. Fundi wa leo, akishagongomea mbao kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, husokota pamba, huilowesha mafuta, kisha huisukuma kwa patasi na nyundo ndani ya kila ufa. Hiyo ndiyo kalafati. Mtumbwi ukishushwa ziwani, mbao huvimba na kuibana pamba. Katika Ukerewe, kisiwa kilicholima pamba, nyuzi zimebaki sehemu ya chombo kwa namna nyingine.

Kuunganisha vitu viwili ili kila kimoja kifidie upungufu wa mwenzake ndiyo maana ya kompositi. Ukuta wa fito na udongo ni kompositi: fito huzuia ukuta usipasuke, udongo huzishika fito mahali pake. Faiba ya boti za kisasa hufuata kanuni ileile. Kitambaa cha nyuzi za kioo hubeba nguvu ya kuvutwa, na resini, yaani plastiki ya majimaji iliyoganda, huzishika nyuzi na kuzuia maji. Boti hutoka kwenye kalibu ikiwa mwili mmoja, bila ufa wa kuzibwa. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa.

Hata hivyo, ndani ya faiba mshono bado upo, ila umekuwa mdogo usioonekana: ni pale uzi wa kioo unapogusana na resini. Maji yakipenya hapo kwa miaka, tabaka huachana. Nanokompositi, yaani kompositi ambazo kiungo chake kimoja ni cha kiwango cha nanometa, hutegemea sana uso huo wa kugusana. Nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na kitu kikisagwa kufikia kiwango hicho, uso wake wa kushikana na kingine huwa mkubwa ajabu. Gramu 10 za udongo wa montimoriloniti, zikitenganishwa tabaka kwa tabaka, zina uso wa kutosha kufunika karibu uwanja mzima wa mpira wa miguu.

Watafiti wa Toyota, Japani, walilitumia jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1980. Walichanganya nailoni, jamii ileile ya nyuzi iliyoingia kwenye nyavu za Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na udongo wa namna hiyo, karibu asilimia 5 tu. Nailoni iliyolegea kwa joto la nyuzi 65 za Selsiasi sasa ilistahimili zaidi ya 140, na ikatumika kwenye kifuniko cha sehemu ya injini ya gari. Vipande vya udongo, vyembamba na bapa, hulazimisha maji na gesi kuzunguka njia ndefu. Kwa hiyo aina hii hutumika pia kwenye vifungashio vya vyakula. Kuna aina nyingine za nanokompositi ambazo kitu kinachoshika vipande vidogo ni metali au kauri, si plastiki. Mojawapo ya nanokompositi za zamani zaidi viwandani ni mpira wa tairi, uliotiwa masizi laini sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ili usilike upesi. Avaaye katambuga, yaani ndala za tairi, sokoni Nansio kisiwani Ukerewe amevaa kompositi ya aina hiyo.

Nchini Tanzania jina mojawapo linalojulikana katika fani hii ni la Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela, Arusha. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na vitu vya kiwango cha nano.

Tukirudi ziwani, boti nyingi za Ziwa Viktoria bado ni za mbao, na mafundi wake wanajua kuziba kwa mikono yao. Faiba inadai ujuzi mwingine. Ikitoboka, sehemu iliyoharibika hukwanguliwa, hukaushwa kabisa, kisha hupakwa resini na kuwekewa tabaka mpya za kitambaa. Kiraka kilichowekwa juu ya unyevu hubanduka.