Kijibwa anayehara damu: ugonjwa ambao kabla ya 1978 haukuwa na jina

Chapati alikuwa na wiki tisa. Mama yake ni mbwa wa mzee wetu wa getini, na sisi wanafunzi wanne tuliopanga nyumba ile tulikuwa tumeshamchukua kama wetu. Jumatatu alikataa uji. Usiku akatapika povu la njano. Alfajiri alikuwa amelala kwenye kona ya choo cha nje, ameharisha kitu chekundu chenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau.

Jirani akasema ni minyoo, tumpe dawa. Mwingine akasema ni mifupa ya kuku. Si mawazo ya kipuuzi, maana watoto wa mbwa huharisha kwa sababu nyingi: minyoo kweli, chakula kilichobadilishwa ghafla, takataka za jalalani. Lakini daktari wa mifugo alipofika, alimfungua mdomo akabonyeza fizi, akavuta ngozi ya shingo kuona inarudi upesi au la, kisha akauliza swali moja tu.

"Kachanjwa?"

"Ndiyo daktari. Mara moja, akiwa na wiki sita."

"Mara moja ni kama bado."

Jibu hilo lilinikera. Mimi nasoma baiolojia ya molekuli, na nilijiona ninajua chanjo inavyofanya kazi. Basi wiki ile, kati ya kubadilisha matambara na kuwasha jiko la kumpashia joto, nikaanza kusoma historia ya ugonjwa huu, yaani parvo. Nilichokuta ni kwamba ni mdogo kuliko wazazi wangu.

Hebu turudi 1978. Kabla ya mwaka huo, madaktari wa mifugo walijua mbwa huugua tumbo. Walijua homa ya mbwa, ile inayoitwa distempa, na tangu 1971 walijua kuna kirusi cha korona cha mbwa kinacholeta kuhara. Mwaka 1967 walikuwa wameona pia kirusi kidogo sana kwenye kinyesi cha mbwa, cha jamii ya parvo, lakini hakikuonekana kuleta shida kubwa. Kisha ghafla, ndani ya mwaka mmoja, kliniki za Marekani, Ulaya na Australia zikaanza kupokea mbwa wanaotapika, wanaohara damu, na ambao chembe zao nyeupe za damu zimekwisha kabisa. Na hawakuwa vijibwa peke yao. Mbwa wazima, wenye nguvu, walikufa pia. Watoto wadogo sana walikufa kwa namna nyingine: wananyonya vizuri, wananenepa, halafu wanaanguka ghafla. Wakipasuliwa, moyo ndio ulioharibika.

Kwenye Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, kuna Taasisi ya Baker ya afya ya wanyama. Hapo walikuwepo Leland Carmichael na Max Appel, watu waliokuwa wameshatumia miaka mingi kwenye virusi vya mbwa. Kinyesi cha wagonjwa kilipowekwa chini ya hadubini ya elektroni, vilionekana vichembe vya mviringo vyenye upana wa karibu nanomita 26. Kama hujazoea kipimo hicho: ukivipanga elfu arobaini hivi mstari mmoja, unapata takriban milimita moja. Kilikuwa kirusi cha parvo, ila si kile cha 1967. Ndiyo maana mpaka leo vitabu hukiita aina ya 2.

Kilifanana mno na kirusi kingine, ila hicho kilikuwa cha paka.

Ugonjwa wa paka wa kupoteza chembe nyeupe ulikuwa unajulikana tangu miaka ya 1920. Wala haikuwa mara ya kwanza jamii hii ya virusi kubadilisha mwenyeji. Miaka ya 1940 huko Kanada, kwenye mashamba ya minki, wale wanyama wa jamii ya kicheche wanaofugwa kwa ajili ya manyoya, kulizuka ugonjwa wa kuhara ulioletwa na ndugu wa kirusi hichohicho. Kwa hiyo swali la 1978 lilikuwa: nani kamwambukiza mbwa, na lini?

Njia waliyotumia kujibu "lini" ndiyo iliyonifurahisha zaidi, pengine kwa sababu sisi wanafunzi wa maabara hulalamika kila siku kuhusu friji zilizojaa chupa za zamani. Watafiti walirudi kwenye majimaji ya damu ya mbwa yaliyogandishwa miaka ya nyuma kwa kazi nyingine kabisa. Mbwa aliyewahi kukutana na kirusi hubaki na kingamwili. Basi unapima chupa moja moja ukirudi nyuma mwaka hadi mwaka, mpaka zinapokwisha. Marekani, Japani na Australia, kingamwili zilianza kuonekana 1978. Chupa za kabla ya hapo hazikuwa nazo. Lakini Ulaya ilikuwa tofauti: zilionekana kwenye chupa za Ubelgiji na Uholanzi za katikati ya miaka ya 1970, na Ugiriki kwenye chupa ya 1974. Inaelekea kirusi kilizunguka kimyakimya barani Ulaya miaka michache, kikazidi kujizoesha kwa mbwa, halafu kikatoka kwa kasi.

Kasi hiyo haihitaji mbwa kukutana na mbwa. Mgonjwa hutoa mabilioni ya virusi kwenye kinyesi, na huanza kuvitoa kabla hata hajaonyesha dalili. Kirusi hiki hakina utando wa mafuta, kwa hivyo sabuni na spiriti haviwezi kukivunja. Hukaa kwenye udongo miezi mingi. Soli ya kiatu, tairi la gari, kreti ya kusafirishia mbwa wa maonyesho, vyote vinakibeba.

Kuhusu "nani", kulikuwa na tuhuma nzito: kwamba kirusi kilitoroka kwenye chanjo hai ya paka. Tuhuma hiyo ilizunguka miaka mingi. Vinasaba vilipolinganishwa baadaye havikuiunga mkono. Inaonekana chanzo ni virusi vya paka au vya wanyama wala nyama wa porini waliokaribiana navyo. Aliyefanya kazi kubwa kwenye suala hili ni Colin Parrish, aliyefika Cornell akiwa mwanafunzi kama sisi na akabaki na kirusi hiki maisha yake yote ya kazi. Jibu lilikuwa dogo la kushangaza. Vinasaba vya kirusi cha paka na cha mbwa vinatofautiana kwa chini ya asilimia moja, na uwezo wa kumwambukiza mbwa unashikiliwa hasa na asidi amino chache kwenye gamba, mojawapo ikiwa ya nafasi ya 93 na nyingine ya 323. Mabadiliko hayo yaliliwezesha gamba kushika kipokezi cha transferini cha mbwa, mlango ambao seli huutumia kuingiza madini ya chuma. Seli zinazogawanyika haraka zinahitaji chuma kingi, na kirusi nacho kinahitaji seli inayogawanyika ili kizaliane. Ndiyo maana kinapiga kuta za utumbo na uboho wa mifupa, na kwa kitoto kichanga, misuli ya moyo ambayo bado inakua.

Tena, aina ile ya kwanza iliyotikisa dunia haikukaa. Kati ya 1979 na 1981 ikafukuzwa na ndugu yake, 2a, ambayo iliweza pia kurudi kwa paka. Ikaja 2b mwaka 1984, na 2c ikatambuliwa Italia mwaka 2000. Sisi tulioishi 2021 na 2022 tukisikia majina ya aina mpya kila baada ya miezi, tulidhani tunaona jambo la ajabu. Wenye mbwa walikuwa wameliona zamani.

Kuna kisiwa kinaitwa Isle Royale, katikati ya Ziwa Superior, Marekani. Wanaishi humo mbwa mwitu wa kaskazini (si hawa wetu wa mabaka) ambao wanasayansi wamewahesabu tangu 1958. Mwaka 1980 walikuwa 50. Mwaka 1982 walibaki 14. Mbwa wa kufugwa hawaruhusiwi kisiwani, lakini inaaminika kuna mtu alimleta wake. Kwetu nako mpaka kati ya mbwa wa kijijini na wanyama wa hifadhini ni mwembamba hivyohivyo: mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na baada ya hapo mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wakawa wanachanjwa kichaa cha mbwa, distempa na parvo kwa pamoja.

Chanjo sasa. Mwanzoni madaktari walitumia ile ya paka, kwa kuwa virusi ni ndugu, na ilisaidia kiasi. Cornell wakatengeneza ya mbwa, kwanza ya kirusi kilichouawa, halafu ya kirusi hai kilichodhoofishwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imeenea. Vifo vya mbwa wazima vikaporomoka. Lakini vijibwa waliendelea kufa, hata waliochanjwa, na hapa ndipo nilipomwelewa daktari wetu.

Mama aliyewahi kuugua au kuchanjwa humpa mtoto kingamwili, hasa kwenye dang'a, yale maziwa ya siku za kwanza. Kingamwili hizo hupungua kwa nusu kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Zikiwa nyingi, zinamlinda mtoto, lakini pia zinaikamata chanjo na kuimaliza kabla mwili wake haujajifunza kitu. Tatizo linakuja zikiwa zimepungua. Kuna kipindi cha wiki mbili au tatu ambapo zilizobaki hazitoshi kuzuia kirusi cha mtaani, lakini bado zinatosha kuiharibu chanjo. Roy Pollock na Carmichael walilieleza jambo hili mwaka 1982. Ubaya ni kwamba kipindi hicho hakiji siku moja kwa wote. Hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana, kulingana na nani alinyonya zaidi. Kwa kuwa huwezi kujua, unachanja kuanzia wiki ya sita au ya nane, unarudia kila baada ya wiki mbili mpaka nne, na unahakikisha ya mwisho imetolewa akiwa na wiki 16 au zaidi. Sindano ya Chapati ya wiki sita yaelekea ilikutana na kingamwili za mama yake ikafia hapo. Na sisi tukaweka kadi yake kabatini tukiwa na amani.

Hiyo pia ndiyo sababu leo tunauona kama ugonjwa wa watoto. Mwaka 1978 hakukuwa na mbwa mwenye kinga, basi walikufa wa umri wote. Siku hizi wengi wa wazima wameshakutana nao au wamechanjwa, na mama karibu wote wanapitisha kinga, kwa hiyo hata vifo vile vya moyo vimekuwa adimu.

Matibabu yana historia yake, fupi lakini ya maana mfukoni. Hakuna dawa iliyozoeleka ya kumeza inayoua kirusi chenyewe. Unachofanya ni kumweka hai mpaka mwili wake ushinde: maji na chumvi kwa dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki kwa sababu bakteria wa utumboni hupenya ukuta uliobomoka na kuingia kwenye damu isiyo na walinzi. Bila hayo wengi mno hufa. Kwa uangalizi wa hospitali hupona nane au tisa kati ya kumi.

Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa: asile chochote mpaka aache kutapika. Utumbo "upumzike". Mwaka 2003 kikundi cha Onderstepoort, Chuo Kikuu cha Pretoria, kilichapisha jaribio la vijibwa 30. Nusu walifuata kanuni ya zamani. Nusu walilishwa kwa mrija wa puani kuanzia saa 12 baada ya kulazwa, hata kama bado wanatapika. Waliolishwa walirudi kwenye hali yao mapema zaidi na wakaongezeka uzito. Seli za utumbo, kumbe, zinahitaji chakula ili zijijenge. Naipenda karatasi hii, na si kwa sababu tu imetoka Afrika.

Swali la pili ni la pesa. Wagonjwa wengi hawakufa kwa kukosa tiba inayojulikana, walikufa kwa sababu mwenyewe hakuwa na ada ya kulaza. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kikajaribu njia ya nyumbani: maji ya sindano chini ya ngozi mara kadhaa kwa siku, dawa kali ya kutapika, antibiotiki ya sindano moja ya kukaa muda mrefu, na kulishwa kwa lazima. Karatasi ilitoka 2017. Waliolazwa walipona 18 kati ya 20, na wa njia ya nyumbani 16 kati ya 20. Angalia lakini: hao wa pili walitiwa maji ya dripu kwanza mpaka mzunguko wa damu ukakaa sawa, na walipimwa kila siku. Si kumpa maji ya chumvi na kungoja. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu kwa masharti kingamwili ya maabara inayokamata kirusi moja kwa moja, ila bei yake si ya mzee wa getini.

Sisi tulichanga. Chapati alipata dripu siku mbili kliniki, halafu daktari akatufundisha kumchoma maji chini ya ngozi, na Jumapili akalamba kijiko cha uji. Dada yake, yule mweupe, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alianza kutapika Alhamisi na Ijumaa usiku alikuwa amekufa.

Saruji ya uani tumeisugua kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, tukaiacha dakika kumi. Udongo pale chini ya mwembe hauoshwi. Mama yao ana mimba tena, na mzee anataka kumhamishia kwa mdogo wake kabla hajazaa.