Tangazo la Kanisani na Kadi ya Arusi

Wasomaji wetu, arusi ikikaribia, twaona nyumba nyingi zikitaabika kwa neno moja, nalo ni kadi za kualika. Karatasi gani itatumika? Herufi za namna gani? Zipigwe chapa ngapi? Wengine hudhani ya kuwa kadi ni desturi ya Wakristo tangu mwanzo. Sivyo. Kanisa lilikuwa na njia yake ya kutoa habari za arusi, na njia hiyo haikuhitaji karatasi.

Mwaka 1215, katika mkutano mkuu wa Laterano huko Roma, Papa Innocent III na maaskofu waliamuru ya kuwa kila ndoa itangazwe kwanza kanisani, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1753, iitwayo kwa jina la Lord Hardwicke, ilikaza neno hilo: watangazwe Jumapili tatu, au wanunue ruhusa ya maandishi. Basi, tangazo halichagui masikio. Tajiri na maskini, rafiki na adui, wote husikia. Ndiyo sababu wenye mali wengi walinunua ile ruhusa, maana hawakupenda majina yao yatajwe mbele ya kila mtu. Na mtu asiyetaka kutajwa mbele ya wote, budi apate njia ya kuwaambia wale awatakao tu. Kwa maoni yetu, kadi ilipata nguvu kwa haja hiyo.

Kadi za wakubwa zilitokana na bamba la shaba nyekundu. Fundi alichonga kila herufi kinyumenyume kwa chuma chembamba, akapaka wino, akaufuta hata ukabaki katika michoro peke yake. Kisha alilaza juu yake karatasi yenye unyevu, akaibana kwa nguvu chini ya gogo la chuma lizungukalo. Karatasi ilitoka na herufi zilizoinuka, waweza kuzipapasa kwa kidole. Wino ule ulikawia kukauka, kwa hiyo waliufunika kwa karatasi nyepesi ya shashi usichafue. Hata leo wako watu watiao shashi katika kadi ambazo wino wake umekwisha kukauka, kwa kuwa tu wamezoea kuiona.

Aliyeshusha gharama hizo hakuwa mtu wa arusi kabisa. Alois Senefelder wa Bavaria alikuwa mtunga michezo, naye hakuwa na fedha za kupigisha chapa maandiko yake. Yeye mwenyewe alisimulia ya kuwa mwaka 1796 mama yake alimwomba aandike hesabu ya nguo za dobi. Karatasi haikuwapo karibu, akaandika juu ya jiwe kwa wino aliouchanganya na nta na sabuni. Muda si mwingi baadaye akatambua ya kuwa mafuta na maji hayapatani: jiwe likiloweshwa, maji hukaa penye uwazi, na wino hushika penye maandishi tu. Tangu hapo mwandiko mzuri uliweza kupigwa chapa bila kuchongwa.

Posta nayo ilisaidia. Zamani Uingereza mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipa, na kila karatasi iliyozidi iliongeza malipo, hata bahasha ikawa anasa. Tarehe 10 Januari 1840 ilianza desturi ya kupeleka barua nyepesi popote katika nchi ile kwa peni moja. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 10 Februari, Malkia Victoria aliolewa na Albert. Malkia hakuhitaji peni ya posta, bali binti wa mwenye duka aliihitaji sana.

Wapiga chapa hawakukoma kuiga bamba la shaba. Wengine hunyunyiza unga wa utomvu juu ya wino mbichi, wakautia moto hata herufi zivimbe. Ukitaka kujua iliyo ya kweli, igeuze kadi: bamba la shaba huacha alama ya kubonyea upande wa nyuma, unga hauachi kitu. Na tazameni ajabu hii: fundi wa zamani wa herufi za risasi aliona ni kosa herufi zikizama katika karatasi, leo wako walipao zaidi ili zizame sana.

Kwetu mtambo ulitumika kwa kazi nyingine kwanza. Padre Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, aliweka mtambo mdogo, na vijana waliotolewa utumwani wakajifunza kupanga herufi. Kazi yao kubwa ilikuwa vitabu vya masomo na vya sala. Arusi za vijijini ziliitwa kwa kinywa, mjumbe akienda nyumba kwa nyumba, na aliyesahauliwa na mjumbe alikuja vile vile. Siku hizi katika Tanzania kadi hutangulia kuomba mchango, kisha hufuata nyingine iliyoandikwa kama ni ya mtu mmoja au ya watu wawili, nayo hutazamwa mlangoni. Hata ile iletwayo kwa simu, bila karatasi wala wino, ina alama yake ya kukaguliwa.

Sisi tumepata kuwa katika kamati ya arusi. Tulibishana siku tatu juu ya rangi ya dhahabu na unene wa karatasi, na bahasha tuliziandika kwa mkono wetu. Siku ile bibi mmoja mjane, jirani aliyemlea bibi arusi wakati mama yake alipougua, alifika mlangoni pa ukumbi bila kadi, akazuiwa. Alituona, akasema, “Mwalimu, mbona nilisikia kanisani Jumapili tatu?” Tulipokwenda ndani kuuliza na kurudi, alikuwa amekwisha kwenda zake. Kadi yake tuliikuta Jumatatu chini ya meza ya kamati, jina lake limeandikwa vizuri.