Bango la Mfalme: Chuo cha Sosu na Suala la Upendeleo wa Dola katika Elimu ya Korea

Mnamo mwaka 1543, Ju Sebung, mkuu wa wilaya ya Punggi katika ufalme wa Joseon nchini Korea, alianzisha chuo cha Kikonfusio mahali palipokuwa na hekalu la kale la Kibudha. Chuo hicho, kilichoitwa Baegundong, kilimuenzi An Hyang (1243–1306), mwanazuoni anayetajwa kuwa ndiye aliyeingiza Ukonfusio Mpya nchini humo. Kazi zake zilikuwa mbili: kuwafundisha vijana wa tabaka la wasomi na kufanya ibada za kumkumbuka mwanazuoni huyo.

Baadaye Yi Hwang, mwanafalsafa aliyeshika wadhifa uleule wa Punggi, aliiomba serikali ikitambue chuo hicho. Kwa maoni yake, shule za serikali za wilayani zilikuwa zimedhoofika na kuegemea mno mitihani ya kuingia utumishini. Alitaka dola itoe msaada bila maofisa kuingilia masomo. Mwaka 1550, Mfalme Myeongjong alikitunuku chuo bango lenye jina jipya, Sosu Seowon, pamoja na vitabu, ardhi na watumwa. Hiki ndicho kilikuwa chuo binafsi cha kwanza nchini kupata kibali cha mfalme.

Mfano huo ulienea, na vyuo vikafikia mamia. Hata hivyo, kibali kiliambatana na misamaha. Ardhi ya vyuo haikutozwa kodi, na wakulima waliojisajili chini yake walikwepa utumishi wa kijeshi. Aidha, vyuo vingi viligeuka ngome za makundi ya kisiasa. Mwaka 1741, Mfalme Yeongjo aliamuru vyuo vilivyojengwa bila idhini vibomolewe. Kufikia mwaka 1871, Heungseon Daewongun, aliyetawala kwa niaba ya mwanawe, Mfalme Gojong, alikuwa amevifunga vyote isipokuwa 47. Sosu kilisalimika, na mwaka 2019 kiliingizwa na vingine vinane katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Historia hii inaonyesha kwamba bango moja lilibeba mambo mawili tofauti: uhuru wa kitaaluma na msamaha wa kodi. La kwanza lilistawisha elimu. La pili lilipunguza mapato ya dola na kuwaongezea mzigo wakulima waliobaki kulipa. Kwa kuwa mawili hayo hayakutenganishwa tangu mwanzo, dola ilipoamua kurejesha mapato yake, iliviondoa vyuo vyenyewe, vyema na vibovu kwa pamoja.