Nyuma ya Jicho: Tarehe ya Tiba ya Uvimbe Usio Saratani

Katika nchi ya Usukuma, tangu Shinyanga hata machimbo ya dhahabu ya Geita, wekundu wa macho ulitosha kumtoa roho bibi kizee, kwa maana vikongwe wengi walioharibiwa macho na moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe walituhumiwa uchawi kwa kauli ya wapiga ramli, wakauawa kwa mapanga, ilhali alama waliyohukumiwa kwayo ilimhusu tabibu.

Yapo maradhi ya jicho yaliyo nadra zaidi, nayo yastahili kujulikana. Hemanjioma ya tundu la jicho ni fundo la vijishipa vya damu lililofungwa katika utando wake. Aghalabu humpata mwanamke wa makamo, na kwa muda wa miaka hulisukuma jicho nje pasipo maumivu, wala halisambai mwilini, ila likiubana mshipa wa fahamu hufifiza nuru.

Zamani ilikuwa taabu kulifikia fundo hilo, hata Rudolf Krönlein wa Zurich alipoeleza, mwaka 1888, namna ya kuufungua ukuta wa mfupa upande wa panja bila ya kuling'oa jicho. Na mpasuaji akaendelea kukisia mengi, mpaka mwaka 1971 mashine ya CT ilipompiga picha mgonjwa wa kwanza huko London. Mwaka huohuo ilifunguliwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ndiyo kimbilio la rufaa la watu wa Kanda ya Ziwa.

Katika uchunguzi, tabibu husimama nyuma ya mgonjwa aliyeketi, akayatazama macho mawili kutokea juu ya paji, kisha humwinamisha, kwani jicho litokezalo kwa kuinama huashiria vena iliyotanuka. Uvimbe usiodhuru huachwa ukiangaliwa. Unaohatarisha nuru hutolewa mzima pamoja na utando wake, na ni nadra kurudi. Kwa hemanjioma za watoto wachanga, matabibu wa Bordeaux walidhihirisha mwaka 2008 kwamba propranolol, dawa ya moyo, huzinyausha.

Lakini mtoto ambaye jicho lake latokeza kwa siku chache hana muhula wa kungojea, kwa kuwa huenda ni saratani ile aliyoieleza Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Uganda, mwaka 1958, ambayo hukua upesi mno, nayo hutibika ikiwahiwa. Basi ni wajibu wa wazee wa kila kijiji kumpeleka hospitali kila aliyegeuka jicho, awe mtoto au ajuza, kabla mpiga ramli hajatia neno.