Kapela ya udongo, na sababu hatukuibomoa

Ndugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu, wengi mnatuuliza kwa nini tunatia nguvu kwa kapela ndogo ya udongo, na watu wangali wanakosa nyumba.

Dini iliingia huku kwetu kupitia Mpala. Storms, askari Mbelgiji, alijenga boma pale mwaka 1883, na mwaka 1885 likawa mikononi mwa Mapadri Weupe. Kapiteni Joubert akafika 1887 kuwakinga watu na wawinda-watumwa. Wakristo wengi wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa ama waliokimbia: wakimbizi kama siye tu. Misioni ikaenea hadi Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, na huko mwaka 1917 Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, akapewa upadri, mzalendo wa kwanza wakati wa ukoloni.

Lakini vijijini padri alipita mara chache. Aliyeshika kazi ni katekista. Alifundisha wanaotaka ubatizo miaka minne, kama Kardinali Lavigerie alivyoagiza, na wazee wetu walijifunza kusoma mule mule kapelani. Matofali waliyafinyanga wao wenyewe.

Vita vya 1998 vikatutawanya. Tuliporudi kwa meli kutoka Mpulungu, kisha miaka ya kambi za Mwange na Kala, tulikuta kuta tu. Manjanja yalikuwa juu ya nyumba za ndugu waliobaki. Maneno yakawa mengi! Wengine wetu walitaka yashushwe siku ileile. Wazee wakauliza: wewe, ungekuwa na watoto mvuani, ungefanya nini? Hatukudai hata moja. Na ni wale ndugu waliotuonyesha shimo la udongo la zamani. Siye tulikuwa tumelisahau, vijana hawakulijua kabisa.

Mtu mmoja alijitolea kutuletea simenti tupake kuta zote. Fundi wetu akakataa, na tunaona alikuwa na haki. Ukuta wa udongo unapumua. Simenti inafunga maji ndani, na tofali linaoza polepole chini ya sura nzuri. Tumepaka udongo, mchanga na majani makavu. Paa tumelitokeza mbele ya ukuta ili mvua isiupige.

Upande wa altare haujapata manjanja, tunasali chini ya turubai za kambi. Mvua zinakuja mwezi wa kumi. Mwekahazina anapokea michango kila siku ya Mungu kisha ibada, na anaandika yote kitabuni.