Mafuta mazito ya viwandani: Kwa nini mafuta yasiyowaka upesi bado ni hatari?

Katika bonde la Bugarama, kusini-magharibi mwa Rwanda, karibu na mipaka ya Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, sekta ya Muganza inajulikana kwa mambo mawili: mpunga na saruji. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilianza uzalishaji hapo mwaka 1984, kikiwa kimejengwa kwa msaada wa China. Kwa miaka mingi tanuri lake la zamani lilitegemea mafuta mazito yaliyosafirishwa kwa malori, kabla ya nafasi hiyo kuchukuliwa kwa kiasi kikubwa na nyiramugengeri, yaani mboji ya mabondeni inayokaushwa na kuchomwa, pamoja na makaa ya mawe.

Hata hivyo, mafuta hayo hayajatoweka Afrika Mashariki. Yanatumika katika mitambo ya kufua umeme, ukiwemo ule wa Jabana jijini Kigali, katika boila za viwanda na katika injini za meli kubwa. Wanaoyashughulikia kila siku mara nyingi huyaona kuwa ni salama kuliko petroli. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una mipaka, na mipaka hiyo imegharimu maisha ya watu.

Mafuta mazito ni nini?

Mafuta ghafi yanapochemshwa katika kiwanda cha kusafishia, petroli, mafuta ya taa na dizeli hutolewa kwanza. Kinachobaki chini ni mabaki meusi, mazito na yenye kunata. Hayo ndiyo mafuta mazito, ambayo kwa kawaida hulainishwa kwa kuchanganywa na mafuta mepesi kidogo kabla ya kuuzwa.

Bei yake nafuu ndiyo inayovutia viwanda. Tanuri la saruji huhitaji kuunguza mawe ya chokaa na udongo hadi kufikia takriban nyuzi joto 1,450 za Selsiasi, na gharama ya nishati huamua bei ya mfuko wa saruji dukani.

Yanatofautianaje na petroli?

Wakazi wa eneo hili wanaifahamu hatari ya petroli. Tarehe 2 Julai mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka katika mji wa Sange, kwenye bonde hilohilo la mto Rusizi upande wa Congo. Moto uliozuka uliua zaidi ya watu 230, baadhi yao wakiwa wamekwenda kuchota mafuta. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Mafuta mazito, kwa upande wake, huhitaji kupashwa joto hadi nyuzi 60 au zaidi ndipo mvuke wake uweze kuwaka. Njiti ya kiberiti ikitupwa kwenye mafuta hayo yakiwa baridi, huenda ikazimika.

Tatizo ni kwamba hayatumiki yakiwa baridi. Katika hali ya kawaida huwa mazito kiasi cha kutopita vizuri kwenye bomba. Kwa hiyo hupashwa joto tangini, mara nyingi kati ya nyuzi 40 na 60, ili pampu iweze kuyavuta, kisha huongezewa joto hadi zaidi ya nyuzi 100 kabla ya kupuliziwa kwenye tanuri au boila. Joto hilo linaloyafanya yatumike ndilo pia linaloondoa usalama wake.

Hatari tatu ndani ya tangi

Ya kwanza ni mvuke. Nafasi iliyo juu ya mafuta tangini inaweza kukusanya gesi nyepesi zinazowaka, hata kama mafuta yenyewe hayajafikia nyuzi 60. Kwa sababu hiyo, sigara, simu za kawaida, taa zisizo za usalama na kazi za kuchomelea vyuma hupigwa marufuku karibu na matundu ya tangi.

Ya pili ni gesi ya salfidi ya hidrojeni, inayotokana na salfa iliyomo katika mafuta. Kwa kiasi kidogo hunuka kama yai bovu. Kiasi kikiongezeka hadi takriban sehemu 100 katika milioni moja za hewa, hupumbaza pua na harufu hupotea, na hapo mtu hudhani hatari imepita. Kiasi kikubwa zaidi huweza kumwangusha mtu na kumuua baada ya kuvuta pumzi chache. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mashimoni na ndani ya matangi matupu. Mfanyakazi akianguka humo, mwenzake asimfuate bila kifaa cha kupumulia. Waokoaji wengi wamekufa kwa njia hiyo.

Ya tatu ni maji. Maji hutuama chini ya tangi, na yakipata joto la kuchemka hugeuka mvuke unaochukua nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya mwanzo. Mvuke huo huyasukuma mafuta nje kwa nguvu.

Mkasa wa Tacoa, karibu na Caracas nchini Venezuela, ndio unaotajwa zaidi. Tarehe 19 Desemba mwaka 1982, tangi la mafuta mazito la kituo cha umeme lililipuka baada ya wafanyakazi wawili kwenda kupima kiasi cha mafuta. Moto ulionekana kutulia kwa takriban saa sita, na watu wakasogea. Kisha maji yaliyokuwa chini yakachemka, na mafuta yanayowaka yakarushwa juu na kuteremka mlimani. Zaidi ya watu 150 walipoteza maisha, wakiwemo wazima moto, waandishi wa habari na watazamaji.

Ndiyo maana maji hutolewa chini ya tangi mara kwa mara, na tangi la mafuta mazito linapowaka, watu huondolewa mbali hata kama moto unaonekana kupungua. Kurusha maji moja kwa moja ndani ya mafuta ya moto ni hatari. Hutumika povu, na maji hubaki kwa kupoza matangi ya jirani.

Yakigusa mwili

Mafuta yenye joto hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Jeraha lipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na kilichoganda kisibanduliwe bali kiachiwe mganga. Aliyeyameza asitapishwe, kwani yanaweza kuingia mapafuni.

Mwaka 1989, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliyaweka mafuta mazito katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Glavu, ovaroli na buti ni za lazima. Ngozi ioshwe kwa sabuni. Kuiosha kwa petroli huongeza madhara. Nguo iliyolowa ivuliwe, na tambara lenye mafuta lisiwekwe mfukoni.

Yakimwagika

Tangi hujengewa ukuta unaoweza kuzuia mafuta yote likipasuka. Yakimwagika nje, huzuiwa kwa mchanga au udongo mkavu kabla hayajafika mferejini. Mafuta haya yanakaribia uzito wa maji, kwa hiyo sehemu yake huweza kuzama na kujificha. Bugarama, mashamba ya mpunga hunyweshwa na mto Rubyiro, unaoingia Rusizi, ambao nao humimina maji yake katika Ziwa Tanganyika.

Mapipa matupu nayo yana hatari. Pipa lililobeba mafuta hubaki na mvuke, na kulikata kwa moto kunaweza kulilipua. Lisitumike kuhifadhi maji ya kunywa wala nafaka, hata baada ya kuoshwa.

Nchini Rwanda, nambari ya dharura ya polisi ni 112, na ya gari la wagonjwa ni 912. Anayepiga simu ataje kwanza kwamba ni mafuta mazito, na kama yalikuwa yamepashwa joto, ili wazima moto wajue mapema kama povu litahitajika.